Warhammer The Old World: nilifuata vita, nimenasa kwenye ramani (uzoefu wangu)

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata ntaieleza huko chini maana inahusu bara zima. Sheria za gemu sizigusi, wapo wanaozijua kuliko mimi. Mi nataka kuongelea ramani, ile ya dunia ya The Old World iliyotoka Januari 2024, kwa sababu kiukweli ndo iliyonitoa hela mfukoni.

Kwa wageni, kwa kifupi: Warhammer ya fantasia ni gemu ya vita ya mezani, unachezesha majeshi ya sanamu ndogo kwa dadu; ilianza Uingereza mwaka 1983, kampuni ya Games Workshop wakaiendesha zaidi ya miaka thelathini, halafu 2015 wakaiua dunia yote kwenye stori, yaani ikasambaratika kabisa, wakaleta Age of Sigmar yenye dunia nane zinazoelea kila moja kivyake, Aqshy ya moto, Ghyran ya uhai, Shyish ya kifo na nyingine, na unatoka huku kwenda kule kwa kupita malango ya kichawi. The Old World ni kurudi nyuma, stori imewekwa kabla dunia haijafa, mwaka 2276 kwa kalenda yao, wakati ambao watu kibao wanadai ukaisari kwa mpigo.

Zote mbili nimecheza. Age of Sigmar ina mambo mazuri sikatai, kuna mji unaitwa Hammerhal upo nusu kwenye dunia ya moto nusu kwenye dunia ya uhai, katikati lango moja, upande wa uhai unalisha upande wa moto, na upande wa moto unapeleka lava kuchoma mimea inayotaka kumeza mitaa kule kwa mwenzake. Hapo nilivua kofia. Ila ukikaa ukafikiria, kama lango linaweza kutokea popote basi umbali hauna maana tena, na umbali usipokuwa na maana mi nagombania daraja la nini? Af mwanzoni ramani za kueleweka zilikuwa chache sana, unapigana tu mahali penye jina kubwa, hujui kaskazini kuna nani wala chakula cha jeshi kinatoka wapi.

Sasa njoo The Old World. Kwenye dola ya Empire, mto Reik unapita Altdorf, mji mkuu, unaenda kuingia baharini Marienburg, mji wa bandari, kwa hiyo aliyeshika Marienburg kashika mdomo wa biashara yote ya ndani, na kwenye stori za miaka ya baadaye mji ule unatajirika mpaka unanunua uhuru wake kutoka kwa kaisari, kwa hela kabisa! Kati ya Empire na jirani yake Bretonnia, ufalme wa mashujaa wa farasi, kuna milima ya Grey Mountains, njia za kupitisha jeshi ni za kuhesabu, mojawapo ni Axe Bite Pass, bila hata kusoma kitabu unajua lazima kuna ngome pale. Na kuna. Kwa hiyo sisi tukikutana kucheza hatuchagui vita hewani, tunafungua ramani tunabishana kwanza, we na farasi zako za Bretonnia utapita wapi, hapa msitu, pale mto, na kwa kuwa vikosi vya gemu hii vinasimama kwa safu kwenye besi za mraba (vile vibao vya chini ya sanamu) vinataka uwanja wa wazi, vikiingia msituni vinavurugika, basi anayechagua mahali pa kukutana kashinda nusu kabla dadu hazijarushwa. Saa zima linaweza kuishia kwenye ubishi huo na hakuna anayelalamika.

Kuna wanaoicheka ramani hii kwamba ni ya dunia yetu wamebadilisha majina tu. Ni kweli: Empire ni Ujerumani ya enzi za vijidola, Bretonnia Ufaransa, Kislev Urusi imechanganywa na Poland, Tilea Italia, Estalia Hispania, na ng'ambo ya bahari Lustria ni Amerika Kusini mchana kweupe. Wao wanaita uvivu, mi naita akili, maana mto ulioazimwa kutoka mahali unapofanya kazi unakuja na kazi yake, huhitaji kurasa ishirini kuelezwa kwa nini watu wa Norsca, Waviking wao, wanashuka na meli kuchoma vijiji vya pwani.

Ila ukiazima, azima vyote bana. Shuka kusini. Araby ipo, masultani na jangwa. Nehekhara ndo Misri ya mifupa, na hao Tomb Kings, wafalme wake waliokufa, walikuwa kwenye moja ya maboksi mawili ya uzinduzi. Shuka tena: Southlands. Umbo ni Afrika, huhitaji miwani. Ndani kuna nini? Msitu, mahekalu ya watu-mijusi, madude, hadi vibeti wamekumbukwa wakapewa mji wao uliopotea, Karak Zorn. Binadamu karibu hakuna. Sijakasirika kivile, nahisi walipofika pale wino wa kijani ulikuwa mwingi tu, lakini kama jiografia imefeli. Umechora Araby, umechora Ind na Cathay (India na China yao), katikati umeweka bahari, basi umeshaazima kaskazi na kusi, na pwani inayoletewa majahazi na upepo wa msimu mmoja na kurudishiwa na upepo wa msimu mwingine haiwezi kukosa bandari. Kilwa ilitajirika hivyohivyo, dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwake, Ibn Battuta kafika 1331 kausifu mji kwa uzuri. Na wasiseme haiwezekani, Cathay yenyewe ilikuwa jina tu kwenye ramani miaka na miaka, 2025 imepewa jeshi kamili.

Sisi tumejichorea. Penseli, pwani ya mashariki ya Southlands, miji michache ya mawe na visiwa mbele yake. Sheria tuliyoongeza ni moja: anayekuja kwa bahari amalize kampeni yake kabla upepo wa kumrudisha haujaisha, akichelewa anabaki na jeshi lake huko huko msimu mzima, anapukutika taratibu. Imebadilisha gemu kuliko nilivyotegemea, mwenye Bretonnia kila siku alikuwa mtu wa kuvamia tu, sasa hivi anahesabu raundi kama mwenye deni, na mwenye mijusi anakwepa vita makusudi akisubiri kusi iishe.

Angalizo kwa anayetaka kujaribu: mijusi hawamo kwenye vitabu vikuu vya majeshi, orodha yao ni PDF ya bure, na sanamu unachukua zile za Seraphon, mijusi wa Age of Sigmar, unazibandika kwenye besi za mraba mwenyewe. Gundi nunua ya kutosha.