Kisiwa cha Saanane: nusu siku inatosha, ukijua saa ya kuvuka

Anayevuka kwenda Saanane akitegemea Serengeti ndogo atarudi amenuna. Hifadhi nzima ya taifa ya kisiwa hiki cha Ziwa Victoria, jijini Mwanza, ukijumlisha na maji yanayokizunguka, ina kilomita za mraba 2.18 tu. Mwenye hamu ya simba wa porini ashike barabara ya Musoma, aingie Serengeti kwa geti la Ndabaka. Saanane sifa zake ni mawe, ndege na ukaribu, na kwa hayo matatu inastahili pesa yako. Kutoka katikati ya jiji hadi gati la hifadhi pale Capri Point ni mwendo mfupi wa bodaboda, kisha boti ya dakika tano hadi kumi.

Kabla ya boti kuna malipo, na hapo ndipo safari nyingi huchelewa. Hifadhi za taifa hazitaki noti mkononi: unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu, kadi au benki, ndipo unapita. Simu iwe na chaji na salio liwepo tayari, hasa kama mtu mmoja analipia kundi zima, maana kikomo cha miamala kikifika katikati ya zoezi wote mnakwama. Raia achukue kitambulisho. Bei yake ni ya shilingi, ya mgeni ni ya dola, na tofauti si ndogo. Ukipiga simu kuulizia, taja vyote kwa mkupuo mmoja: kiingilio, boti, mwongozaji, na kama kodi ya ongezeko la thamani (VAT) imo ndani. Anayeuliza kiingilio peke yake hushtukia gatini.

Vukeni asubuhi. Si ushauri wa wapenda kuamka mapema tu, kuna sababu. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa ya juu ya nchi huinuka, na upepo huanza kuvuma kutoka majini kuja pwani. Mchana ziwa linaweza kuwa limechafuka hata kama mlivuka likiwa shwari, na boti ya kurudi ikawarushia maji wanaokaa mbele. Koti la kujiokolea lifungwe vifungo vyote. La mtoto liwe la saizi yake, kwa sababu kubwa humpanda hadi masikioni akiingia majini, naye huchomoka kwa chini. Simu na kamera ziwe kwenye kopo lenye mfuniko au begi lisilopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea isahauliwe: imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini hawana mchezo.

Sasa mawe yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha ziara. Ni ya itale, yaleyale yaliyolipa jiji sura yake, na hakuna aliyeyapandanisha. Mwamba ulipasuka ukiwa ardhini, maji yakazila kona zake kwa muda mrefu, udongo ukasombwa, yakabaki magimba ya mviringo yamepakatana. Juu yake asubuhi utawakuta pimbi wameanika matumbo juani. Mwili wa pimbi haujui vizuri kujitunzia joto, kwa hiyo jua la saa mbili na saa tatu ndilo linalowaamsha. Saa sita wamejificha mapangoni na mgeni aliyechelewa huambulia michirizi myeupe ya mikojo yao kwenye mwamba. Mijusi ya rangi mbili, kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu, nayo huota jua saa hizo. Dume ndilo lenye mbwembwe; jike ni la kahawia.

Kupanda mawe ni rahisi, kushuka ndiko kunakovunja watu vifundo. Viatu viwe vya kufungwa, soli ya mpira yenye meno. Malapa hayafai, na viatu vya ngozi vya kwenda kanisani ni vibaya zaidi. Mawe yenye madoa ya kijani au meusi huteleza kama sabuni mvua ikinyesha, hivyo Machi hadi Mei subirini yakauke au mbaki kwenye njia za chini. Kwenye mteremko mkali geuza uso kwenye jiwe ushuke kinyumenyume, na usitie mkono kwenye ufa ambao jicho halijaona ndani. Nyoka nao hupenda kivuli. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu ni kiwango cha chini, kwa kuwa mwamba hukurudishia usoni joto uliolipokea.

Wanyama wengine ni wa kutazama kwa utulivu: swala pala, kobe, kenge kando ya maji, na ndege kama furukombe na mnandi juu ya mawe ya ziwani. Ukibahatika utamwona tumbili wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na kipaji cha rangi ya chungwa. Tumbili wa kawaida hahitaji bahati. Yeye atakufuata mwenyewe.

Na hapo ndipo penye dosari kubwa ya Saanane, ambayo kwa sehemu kubwa tunaitengeneza sisi wageni. Kisiwa kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kikawa hifadhi ya taifa 2013, lakini wengi bado wanakwenda na mazoea ya bustani: ndizi mkononi, andazi mfukoni. Tumbili aliyelishwa hata mara chache tu hujifunza kuwa kwa mtu kuna chakula, kisha humpora mtoto, na akikataliwa humng'ata. Kisiwani hana pa kuhamia na tabia yake hiyo. Chakula kiwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, kiliwe mahali palipopangwa, na mabaki yote yarudi kwenye boti. Ndizi ziacheni nyumbani.

Kundi la shule au kanisa ligawanywe watu kumi kumi, kila kumi na kiongozi anayehesabu vichwa wakati wa kupanda boti na wakati wa kushuka. Watu sitini kwa mpigo kwenye kijia kimoja huwafukuza wanyama wote, na wa nyuma hawasikii neno la mwongozaji. Pasaka, Idd na Nanenane ni siku za kelele. Jumanne au Jumatano kisiwa ni chako.

Kuoga, hapana. Mamba ni sababu ya kwanza, kichocho ya pili: vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani na kupenya ngozi bila kuuma. Aliyelowa miguu ajifute mara moja kwa taulo, ingawa hiyo si kinga kamili, na apime baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu kipimo cha mapema kinaweza kisione kitu. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili. Acheni kugawiana vidonge vya jirani.