Kitabu Kilichokatwa Mwisho: Uzoefu Wangu na Muuzaji wa Vitabu vya Mitumba

Nianze na hukumu, maana hasira bado imenikaa kooni: msinunue kwa huyu mtu. Jina la biashara yake silitaji. Anauza vitabu vya mitumba kwa simu hapa Nairobi, anavipiga picha vikiwa kwenye mkeka, na akisoma hapa atajijua.

Aliweka picha ya vitabu vitatu vimefungwa kwa uzi wa katani: Spring Fire cha Vin Packer, The Price of Salt cha Patricia Highsmith na Giovanni's Room cha James Baldwin. Viwili vya kwanza vilitoka Marekani 1952, cha tatu 1956. Mimi na mwenzangu, ambaye majirani humwita dada yangu nasi tumewaacha waite hivyo, tulikuwa tumevitafuta kwa miaka. Sikupunguza bei hata shilingi. Nililipa kabla boda hajatoka kwake, na vikatufikia jioni ya mvua ndani ya mfuko wa unga.

Kwetu kusoma ni hivi: mimi napitisha macho kwenye Kiingereza, kisha natoa Kiswahili kwa sauti huku yeye akikunja nguo au akichambua mchele. Spring Fire tulikimaliza kwa siku mbili, kikatuacha na uchungu. Wasichana wawili wa chuo wanapendana, halafu mwishoni mmoja anarukwa na akili na mwenzake anajiambia kwamba hakuwahi kumpenda. Mwandishi, ambaye jina lake halisi ni Marijane Meaker, alikuja kueleza kilichotokea kitabu kilipochapishwa upya 2004. Mhariri wake ndiye aliyetaka kiishe vile. Vitabu vilipitia posta, na wakaguzi wa posta wangeweza kuvikamata endapo wanawake wawili wangemaliza hadithi wakiwa na furaha. Huzuni ndiyo iliyokuwa stempu.

Giovanni's Room, hadithi ya wanaume wawili wanaopendana, sitakisemea sana, nikianza sitamaliza. Wachapishaji wake wa awali Marekani walikikataa, wakamwonya Baldwin kwamba atawapoteza wasomaji wake weusi. Yeye akakitoa tu, kwingine. Lakini tangu kurasa za mwanzo unajua Giovanni atakatwa kichwa, na unasoma ukiwa umeshika tumbo. Tulipofika mwisho mwenzangu akaniuliza, "Hakuna hata mmoja wa kupona?"

Nikamwambia subiri, kile kilichobaki nimekiweka makusudi.

Maana mtu yeyote anayevijua vitabu vya wakati ule atakwambia The Price of Salt kinajulikana kwa mwisho wake. Therese, msichana wa miaka 19, anauza vitu vya kuchezea watoto katika duka kubwa la New York msimu wa Krismasi. Carol anakuja kumnunulia bintiye zawadi. Wanapendana, wanasafiri kwa gari kuelekea magharibi, na mpelelezi aliyekodiwa na mume wa Carol anawafuata hoteli kwa hoteli, ananasa sauti zao chumbani. Carol anabanwa achague kati ya mtoto na mpenzi. Hapo mwenzangu aliacha kukunja nguo, shati langu likabaki mapajani mwake mkono mmoja ndani mmoja nje.

Ilikuwa usiku sana. Carol amemwomba Therese waishi pamoja, Therese amekataa. Ameenda kwenye karamu ya watu wa tamthilia. Nageuza ukurasa.

Hakuna. Ni jalada la nyuma. Nikakileta kitabu kwenye taa, nikaona gundi iliyokauka na vipande vyembamba vya karatasi vimesimama kwenye mgongo, vimenyooka. Hazikuchanika zile kurasa, zilikatwa kwa wembe.

Mwenzangu akasema polepole, "Kwa hiyo na hawa pia." Akazima taa. Siwezi kusamehe ile sauti.

Asubuhi nikampigia muuzaji. Alinisikiliza, kisha akacheka. "Dada, umesoma kitabu kizima unalilia kurasa kumi? Hivi vitabu vya wasagaji mwisho wake si unajulikana? Mmoja hufa, mwingine huolewa."

Nilitetemeka mikono. Nilimwambia, kaka yangu, umesema maneno yale yale ya wakaguzi wa posta wa 1952, na umeniuzia kitabu kilichowakatalia, kikiwa kimekatwa pale pale kinapowakatalia. Akanyamaza. Akasema ataangalia. Nikamkatia simu, nikaanza kuandika maoni haya, na mistari ya juu niliiandika siku hiyo.

Zikapita siku tatu au nne, simu ikaanza kulia mfululizo kwenye WhatsApp. Picha. Alikuwa amepata nakala nyingine kwa mtu, akapiga kurasa zote zilizopungua. Mbili zimepinduka, na karibu kila moja ina dole gumba lake chini, ukucha una wino wa bluu, limefunika mistari miwili mitatu. Tulisoma tukikisia yaliyo chini ya kidole. Therese anatoka kwenye karamu ile, anaenda kwenye mkahawa ambako Carol alisema atakuwa. Anasimama mlangoni, anamtafuta kwa macho, anamwona. Carol anamwona, anainua mkono. Therese anamwendea. Basi. Mwenzangu alinipokonya simu akaitazama picha ile ingawa Kiingereza hicho hakimwingii vizuri.

Kulikuwa na maneno ya Highsmith mwenyewe pia, aliyoyaongeza baadaye. Anasema toleo la bei rahisi lilipotoka 1953 barua zilimjia kumi, kumi na tano, mara mbili kwa wiki, kwa miezi. Watu walikuwa wakimshukuru kwa sababu wapenzi wale hawakujiua. Na barua zote ziliandikwa kwa Claire Morgan, jina la uongo alilotumia. Jina lake halisi halikukaa kwenye kitabu hicho mpaka 1990.

Nimewaza sana kuhusu aliyeshika wembe. Siku nyingine naamini alichukia. Siku nyingine naamini alizitaka kurasa zile kuliko kitabu chote, akaondoka nazo mfukoni. Vyovyote vile muuzaji hana udhuru, angehesabu kurasa.

Lakini baada ya picha ya mwisho alituma ujumbe mmoja: "Nimesoma nikipiga. Kumbe alirudi." Nimeurudia ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Neno alilotuitia hajaliombea radhi, nami sijalisahau. Nyota ni moja. Nilibadilisha zikawa tatu, nikarudisha moja, na sasa hivi sina uhakika na hiyo moja.

Picha nilizichapisha kwenye saiba, nikazibandika ndani ya kitabu pamoja na dole gumba lake. Juzi ameniambia amepata Odd Girl Out cha Ann Bannon, cha 1957. Nimelipa nusu. Nusu nyingine ataipata nikishahesabu kurasa.