Kununua kipima sauti kwa redio ya nyumbani: tafuta chenye setingi ya C kwanza, mengine baadae

Usiku mmoja wa Ramadhani jirani alinigongea mlango akanambia yakhe, dundo lako linamwamsha mtoto. Mie nilikuwa na uhakika niko chini kabisa, maana kabla ya kukaa nilishatoka nje nikapima chini ya dirisha lake na kimita changu kikaonesha desibeli 44 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), na 44 ni kidogo, feni ya darini ikikazwa tu inafika huko na kupita. Siku ya pili nikaazima kimita cha rafiki yangu, nikapiga wimbo ule ule kwa sauti ile ile, nikasimama pale pale dirishani nikabonyeza kitufe cha kutoka setingi ya A kwenda C, namba ikaruka mpaka 66. Jirani alikuwa na haki yake. Na kimita changu hakikuwa kibovu, kilikuwa kinapima kitu chengine.

Hapo ndo mwongozo mzima ulipo kwa hiyo nianze napo. Sikio la mtu halisikii besi vizuri kama linavyosikia sauti za kati, ndo wataalamu wakaweka setingi ya A inayopunguza besi ili namba ikaribiane na sikio, na hiyo inafaa sana kupima kelele za karakana, jenereta na barabara. Ya C inaiacha besi karibu yote. Kwenye hezi 1000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa michache ndo besi) A na C hazikati kitu. Ukishuka hezi 100 A inakata desibeli 19, ukifika 50 inakata 30 nzima, wakati C pale pale kwenye 50 inakata moja na kidogo tu. Sasa sabufa yako inaishi wapi? Huko huko chini kwenye 40 mpaka 100 na kitu. Ukipima sabufa kwa A ni kama kumpima mtu urefu akiwa amekaa.

Kwa hiyo kwangu mie namba moja ni kimita cha mkononi chenye A na C, halafu kiwe na Fast na Slow, yaani kusoma haraka na kusoma taratibu. Basi. Modeli kama GM1356 inayo yote hayo, inapima toka 30 mpaka 130, na ina waya wa USB ukitaka kuweka rekodi kwenye kompyuta, japo ule waya kwa redio ya nyumbani hutouhitaji sana. Utaona vimeandikwa makosa yake ni desibeli 1.5 juu au chini, watu wengine wakiona hivo wanaogopa wanatafuta cha ghali zaidi, hapana, usihangaike. Kazi yako kubwa nyumbani ni kulinganisha, spika ya kulia na ya kushoto, jana na leo, sofa hapa na sofa kule, na kama kimita kinadanganya kwa 1 basi kinazidanganya spika zote sawa sawa na ulinganisho wako unabaki wa kweli.

Namba mbili ni maiki ya kupimia ya USB, inayojulikana zaidi ni UMIK-1 ya miniDSP, unaichomeka kwenye laptopu na programu ya Room EQ Wizard ambayo inapatikana bure. Kila maiki ina faili lake la kusahihisha, unaingiza namba ya maiki yako kwenye tovuti yao unalipata. Kwa mwenye laptopu na subira hii inaipita ile ya kwanza mbali, kwa sababu kimita cha mkononi kinakupa namba moja tu, hii inakuchorea mstari mzima toka besi ya chini mpaka twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Na hapo ndo utaona maajabu ya vyumba vyetu. Chukua chumba cha mita 4 kwa urefu, ukuta wa tofali pande zote, sakafu ya vigae, hakuna zulia. Mawimbi ya besi yanakwenda na kurudi baina ya kuta mbili na kwenye karibu hezi 43 yanajijenga yenyewe, ukikaa umeegemea ukuta besi hiyo inavimba inakukalia kifuani, ukivuta kiti katikati ya chumba inapotea kama imezimwa. Kaka yangu kule Wete, Pemba, alikaribia kuuza sabufa yake akisema haina besi, tukapima, sofa lilikuwa katikati kabisa ya chumba. Tulilisogeza nyuma kama hatua mbili na sabufa yuko nayo mpaka leo. Nimeiweka ya pili kwa sababu inataka laptopu, waya, na kujifunza kwa siku kadhaa, na mara nyingi utaiagiza nje uisubiri.

Namba tatu simu yako. Mwenye iPhone ana bahati, kuna programu ya NIOSH SLM, imetengenezwa kwa ajili ya taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na afya za wafanyakazi, ni ya bure na ina A na C. Kwa Android sina raha nayo, simu ni nyingi kila moja na maiki yake, na maiki ya simu imetengenezwa kwa mazungumzo kwa hiyo nyingi zinakata besi na zinapunguza zenyewe sauti ikizidi, utaongeza redio na namba haipandi. Kwa kusawazisha spika mbili za kulia na kushoto simu inatosha. Kwa sabufa usiitegemee.

Namba nne vile vidogo vya A peke yake kama GM1351, ndo vinavyojaa madukani kwa sababu ni rahisi. Sisemi vibaya, kwa kulinda masikio vinafaa hasa. Hao hao NIOSH wanasema mwisho ni 85 ya A kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, 88 saa 4, 91 saa 2, ukifika 100 ni robo saa tu. Mwenye watoto wanaokaa mbele ya spika harusini akipima na hicho atashtuka.

Vile vya daraja la kwanza vya wahandisi achana navyo, bei yake unanunua redio nyengine nzima. Na kuna ndugu zetu walioko nje huleta vile vya zamani vya RadioShack vyenye mshale, kama unapewa bure pokea, vina A na C, ila chini kabisa kwenye besi vinasoma pungufu.

Sasa kutumia. Zima feni, zima kiyoyozi, funga madirisha, ngoja kuadhiniwa kuishe, na kama mvua inapiga kwenye bati acha mpaka kesho. Kimita usikishike mkononi mbele ya kifua, mwili unarudisha sauti, kiweke kwenye stendi ya kamera au hata juu ya mito miwili pale kichwa chako kinapokuwa ukikaa, kimo cha sikio. Weka C, weka Slow. Kama una risiva ya sinema (amplifaya ya spika nyingi) ina mlio wake wa majaribio kwenye menyu, ule wa shhhh, pita spika moja moja upandishe au ushushe mpaka kila moja isome 75. Kwa spika nyingi elekeza maiki juu darini usihangaike kuigeuza geuza. Sabufa namba yake itacheza, usifukuzane nayo, angalia kwa sekunde kumi uchukue ya katikati. Mwenye sabufa ya kawaida isiyo na menyu pakua faili la pinki noizi, mlio ule ule wa shhhh, kwenye simu upige kwa blututhi, kazi ni ile ile.

Na hapa nna jambo moja linaloniuma. Ukienda kununua spika maduka ya Darajani au Mlandege, Unguja, muuzaji anakupigia mbili kukulinganishia, ile anayotaka uichukue inapigwa juu kidogo, na sikio siku zote linapenda iliyo juu hata kwa desibeli moja na nusu, hutojua kama ni juu, utaona ni tamu tu. Nenda na kimita, zote mbili zisome sawa, ndo usikilize, na uje na wimbo unaoujua, taarabu yenye qanuni na fidla nzuri inazifichua twita mbovu haraka. Na anayekwambia wati mara mbili ni sauti mara mbili mkatalie, wati mara mbili ni desibeli 3, ili sikio lisikie mara mbili inataka kama 10, yaani wati mara kumi.

Dukani ukinunua kimita chenyewe washa viwili vya aina moja ubavu kwa ubavu, vikitofautiana zaidi ya 2 omba kengine. Hakikisha kina sponji ya maiki. Betri ikianza kuonesha imechoka badilisha siku hiyo hiyo kwa sababu kinaanza kusoma uongo kabla hakijazima. Na chumvi ya hewa yetu hii, hasa mwenye nyumba ya karibu na pwani, usikiache mezani, kitie kwenye mkebe pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, betri itoe.

Kwangu nilizima redio nikapima dirishani kwa jirani usiku kimya, C, nikaandika namba, halafu nikawasha nikapandisha taratibu mpaka ile namba ilipoanza kusogea. Pale pa kuzungushia sauti nimetia alama kwa makapeni. Ikishapita saa 4 usiku sivuki hapo.