Kukodi Baiskeli ya Changarawe Mikindani: Siku Nzima Bila Gari

Barabara ya lami inayotoka Mtwara mjini kwenda Mikindani haizidi sana kilomita kumi, lakini mwendesha baiskeli anayeipita asubuhi hushika usukani kwa nguvu na kuomba dua kila lori la saruji linapomkaribia kutoka nyuma. Kwa sababu hiyo, baiskeli yangu aina ya Phoenix imekuwa kwa miaka mingi chombo cha kunifikisha sokoni na shuleni tu, na sikuwahi kufikiri kwamba ningeweza kuendesha kutwa nzima katika wilaya yangu mwenyewe bila kusikia honi. Mwezi wa Julai nimelishuhudia hilo, baada ya kukodi baiskeli mbili za changarawe, yaani zilizoundwa kwa njia zisizo na lami, yangu na ya mdogo wangu, katika duka dogo la Mikindani linalopeleka watu kwenye njia za mashambani juu ya vilima.

Duka lenyewe halina kibao. Ukifika Mikindani, ulizia fundi wa baiskeli za kukodi, nawe utaonyeshwa nyumba ya mawe yenye baraza, nyuma ya barabara ya pwani. Baiskeli zipo sita. Tulilipa shilingi 35,000 kwa kila baiskeli kwa siku, na 20,000 nyingine kwa kijana wa kutuongoza, bei ambayo mwanzoni niliiona nzito kwa mshahara wa mwalimu.

Nilianza kubadili mawazo nilipoona muda ambao fundi aliutumia kwenye matairi. Baiskeli hizi zina usukani uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo, sahani moja mbele na gia kumi na moja nyuma, breki za diski, na matairi yenye upana wa milimita 45 yasiyotumia tyubu. Ndani yake humiminwa gundi ya majimaji inayoziba tundu papo hapo mwiba unapopenya. Fundi aliniuliza uzito wangu, akalinyanyua begi langu kulipima kwa mkono, akajaza upepo, kisha akaanza kuupunguza kidogo kidogo, akibonyeza tairi kwa dole gumba na kubonyeza tena, mpaka kipimo kikasoma paundi 30 mbele na 33 nyuma. Nilidhani amekosea, kwa kuwa mimi nimezoea kujaza tairi mpaka liwe kama jiwe.

"Mwalimu," akaniambia bila kuinua uso, "lami ndiyo inayotaka tairi gumu. Mchanga wetu unataka tairi linalokubali kubonyea, likanyage kwa upana kama unyayo mtupu."

Maneno hayo niliyaelewa kilomita tano baadaye, mahali ambapo njia inageuka mchanga mwekundu wa kuzama na ambapo kwa Phoenix yangu ningeshuka na kusukuma. Gurudumu la mbele liliyumba, nikaogopa, kijana akanipigia kelele kutoka nyuma nisikamate breki na nisiache kupiga pedeli, na baiskeli ikapita juu ya mchanga badala ya kuukata. Mdogo wangu, ambaye hajaendesha baiskeli tangu amalize chuo, alipita nyuma yangu bila kugusa chini.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapita karibu na Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli, na mara tukaiacha lami na kushika njia ya kupanda kilima. Mwinuko huo ni mkali, una mawe ya matumbawe yaliyochomoza, na sioni aibu kusema kwamba sehemu ya juu niliitembea kwa miguu. Ukifika kileleni na kugeuka, ghuba yote ya Mikindani iko chini yako, mikoko pembeni, ngalawa zimelala kwa kupwa. Kuanzia hapo hadi tuliporejea saa nane mchana, kwa mzunguko ambao simu yangu iliupima kuwa kilomita 46, tulipishana na pikipiki nne, na baiskeli nyingi zenye kuni na madumu ya maji, lakini hatukuona gari hata moja. Kimya hicho ndicho ninachokipendekeza kwa msomaji kuliko jambo lingine lolote. Nilisikia cheni yangu mwenyewe, nikasikia njiwa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliweza kuzungumza na mdogo wangu tukiwa tumeongozana sambamba.

Ubora wa kijana anayeongoza ulionekana kwenye mashamba ya mikorosho. Julai ni wakati wa kupuliza salfa ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, na wakulima huipuliza alfajiri na asubuhi mapema, wakati majani yana umande na upepo wa kusi haujashika nguvu, ili unga ugande kwenye machipukizi na maua. Kabla hatujahisi harufu yoyote, kijana alinyanyua mkono tukasimama, naye akatuonyesha wingu la manjano likitambaa kati ya miti mbele yetu pamoja na mlio wa mashine. Akasogea mpaka ukingoni mwa shamba.

"Shikamoo mjomba. Mmebakiza mistari mingapi?"

"Marahaba. Mitatu tu. Ngojeni tumalize, mtapita salama."

Tulikaa chini ya mwembe kama robo saa. Aliyewahi kuingiwa na salfa machoni anajua thamani ya robo saa hiyo, na mwongozaji asiyeijua kalenda ya mkulima angetupitisha katikati ya vumbi lile. Upande wa Naliendele, ambako ardhi imefika mita 120 hivi juu ya usawa wa bahari, tulipumzika barazani kwa bibi mmoja aliyetuuzia ming'oko (mizizi ya porini) iliyochemshwa, ingali ya moto, na chumvi pembeni.

Ninacho kipimo cha kulinganisha. Mwaka 2023 nilihudhuria mafunzo mafupi mjini Trieste, Italia, na siku mbili za mapumziko nilizitumia kwenye njia ya Parenzana. Hiyo ilikuwa reli nyembamba, yenye upana wa milimita 760, iliyounganisha Trieste na Poreč kwa urefu wa kilomita 123. Ilifunguliwa mwaka 1902, ikafungwa mwaka 1935, na leo tuta lake ni njia ya baiskeli inayopita Italia, Slovenia na Kroatia. Kipande cha changarawe kati ya Grožnjan na Motovun kinapita mahandaki na madaraja marefu ya mawe, katikati ya mizeituni na mizabibu, juu ya udongo mwekundu ulionikumbusha njia ya Newala. Ni pazuri mno. Hata hivyo garimoshi halipandi ukuta, kwa hiyo huko mwinuko ni wa taratibu na mtu huweza kupanda kwa saa nzima bila kuhema, ilhali njia zetu zilichongwa na miguu ya watu na mbuzi, nazo hupanda kilima moja kwa moja. Anayekuja Mikindani akitarajia wepesi wa Parenzana atachoka mapema. Huko kuna vibao kila njia panda. Huku kibao ni kijana.

Nasi tulikuwa na reli yetu ya kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake kung'olewa. Nilimwuliza fundi kama amewahi kufikiria kupeleka wateja huko. Akanijibu kwamba kwanza anataka kuzikamilisha njia hizi za Mikindani, kisha atalifuata tuta hilo kipande kwa kipande, akiomba ruhusa kwa wenye mashamba. Natamani sana aifikie siku hiyo.

Kasoro zipo, na mbili kati yake si ndogo. Kwanza ni maji. Duka hutoa chupa mbili kwa kila mtu, nazo zilikwisha kabla ya saa nne. Kwenye nchi ya juu ya Wamakonde maji ya mvua huzama mchangani, vijito havipo, na si haki kumwomba mwenyeji maji ambayo huenda ameyafuata mbali kwa dumu. Tulinunua madafu kwa bahati tu. Duka lingeweza kupeleka dumu la lita ishirini Naliendele kwa pikipiki asubuhi, na gharama yake ningeilipa kwa furaha. Pili, pedi za breki ya nyuma kwenye baiskeli ya mdogo wangu zilikuwa zimekwisha, jambo lililojulikana tukiwa tunateremka kilima kile cha mawe kurudi Mikindani, na ikabidi ashuke na kutembea kama nusu kilomita. Fundi yule yule aliyetumia dakika kumi kwenye upepo wa tairi hakugeuza gurudumu kutazama breki. Alipoelezwa hakubisha, alimwomba radhi mdogo wangu, akarudisha shilingi 10,000, akaifungua pedi na kutuonyesha jinsi ilivyolika hadi kwenye bati. Kofia ngumu nazo ni za saizi moja, na yangu ilinibana.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Kuanzia Oktoba msimu wa korosho unafunguliwa na malori huanza kuzifuata njia hizi hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi, na mvua zikishaanza Desemba udongo hugandamana kwenye magurudumu mpaka hayazunguki. Mimi nimeshalipia baiskeli mbili kwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kwa sharti kwamba pedi mpya zifungwe mbele ya macho yangu, na chupa za maji safari hii nitabeba nne.