Ziara ya Mji Mkongwe "kwa Kiswahili": someni kabla ya kulipa

Kwenye vocha waliyonitumia imeandikwa hivi: "Lugha: Kiswahili. Muda: siku nzima. Kundi dogo." Katika hayo matatu, la siku nzima ndilo pekee lililotimia. Kampuni siitaji, maana mchezo huu wa kuchanganya makundi ya lugha mbili Unguja mjini hauchezwi na mmoja, na waliowahi kupita mikononi mwa hawa watawatambua wenyewe. Naanza na nyota moja. Nikifika chini huenda ikawa nyingine, kwa sababu mchana wa siku hiyohiyo ulikuja kuniharibia hasira niliyoikusanya asubuhi nzima.

Lililo zuri kwanza, lisije likasahaulika. Tulikutana Forodhani saa tatu asubuhi, watu sita tuliolipia Kiswahili, na mtembezaji alikuwa kijana mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii shingoni, si papasi wa bandarini anayevizia wageni. Ngome Kongwe aliieleza kwa utulivu: Waomani walivyowatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, wakasimamisha ngome kwenye kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno, hadi ngome yenyewe ilipokuja kugeuzwa gereza. Watu waliuliza, akajibu. Nusu saa ile ndiyo ziara niliyoinunua.

Halafu simu yake ikalia. Kutoka langoni, tukakuta wageni wanne wanatungoja, wa Kiingereza. Kundi lao halikutimia, ofisi imeamua twende nao. Hakuna aliyetuuliza. Tuliambiwa tu, "Tutachanganya lugha, msijali."

Wasiojali ni wasiopiga hesabu. Kituo kimoja cha ziara ya mji, kikielezwa vizuri, kinataka kama dakika 15. Ukisema yote kwa lugha mbili ni dakika 30, na hapo hujaweka kutembea, tiketi, picha na mtu anayetafuta choo. Asubuhi ina vituo vitano au sita vya maana. Jua haliongezewi saa, kwa hiyo lugha moja lazima iliwe. Itakayoliwa ni ile ambayo wenyewe hawadhaniwi kutoa bakshishi ya dola. Ofisi nayo imeokoa ujira wa mtembezaji wa pili, huku sita sisi tukibaki na bei ileile.

Mbele ya Beit al-Ajaib nikaanza kutazama saa. Kiingereza kilichukua dakika 11. Walielezwa kwamba Sultani Barghash alilijenga 1883, kwamba ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme na lifti. Walielezwa vita vya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilivyofungua mizinga saa tatu na dakika mbili asubuhi, na kabla ya saa nne kila kitu kimekwisha, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, amekimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Walielezwa hata sehemu ya jengo ilivyoporomoka Desemba 2020 likiwa katika matengenezo. Ikaja zamu yetu: "Hili ndilo Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, kama mnavyoliona limeanguka. Haya twendeni." Hata dakika haikufika.

Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana, ndipo nilipochoka kabisa. Wenzetu walipewa kila kitu: soko la watumwa lilivyofungwa 1873 kwa mkataba aliotiwa shinikizo Barghash, na kanisa kuanza kujengwa hapohapo mwaka huohuo, madhabahu kuwekwa pale panaposimuliwa kuwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa, nguzo zilizo karibu na mlango, zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu wakati askofu hayupo, msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, kijiji cha Zambia ulipozikwa moyo wa mmisionari Livingstone, na nje, sanamu za watumwa waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Sisi: "Hapa lilikuwa soko la watumwa. Pigeni picha, dakika kumi tunatoka."

Mama mmoja wa makamo akamwambia kwa adabu yote, "Mwanangu, na sisi tuelezee habari ya hizo nguzo." Jibu lake ninalo mpaka leo:

"Aa mama, nyinyi si watu wa hapahapa? Haya mmeshayasoma skuli. Hawa wametoka mbali, tuwape nafasi."

Watu wa hapahapa! Katika sisi sita alikuwamo aliyetoka Kigoma, na anayeijua njia ya Kigoma hadi Unguja, basi kisha boti, anajua kwamba yuko mgeni aliyeruka kutoka Ulaya akafika mapema kuliko yeye. Na hata angekuwa wa Kikwajuni, mwendo wa miguu tu kutoka kanisani, amelipa. Skuli tulisoma mwaka soko lilipofungwa. Mwalimu hakutusimamisha mbele ya nguzo akatuonyesha wapi kichwa na wapi mguu. Mtu hulipia ziara ili aoneshwe kwa kidole kile alichokisoma. Ikiwa kujua habari ni sababu ya kunyimwa maelezo, basi wale wanne, kila mmoja na kitabu chake cha mwongozo mkononi, wangenyimwa kabla yetu.

Lililoniuma zaidi ni lile ambalo hakulisema kwa lugha yoyote. Nyuma ya madhabahu ile amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882, ambaye mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotegemea Kiunguja, akafasiri na Maandiko. Kiunguja hichohicho, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukakichagua kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Yaani lugha tunayofanyia mitihani kutoka Tanga hadi Sumbawanga ina kituo chake humo ndani, mita chache kutoka tuliposimama, na wasikilizaji sita wa Kiswahili tuliharakishwa tutoke. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza Steere ni askofu mmoja miongoni mwa wengi. Kwetu ndiye wa kuanza naye. Ziara ya Kiswahili haiwi ziara ya Kiingereza iliyofasiriwa, sembuse iliyofupishwa. Inachagua mambo mengine kabisa.

Shangani tukasimama dakika 20 kwa ajili ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Sina ugomvi na marehemu, alizaliwa Zanzibar 1946 na ana haki ya kutajwa. Lakini Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyepelekwa Bombay 1928 kurekodi taarab ya Kiswahili kwenye santuri, hakuambulia hata sentensi.

Na tulikuwa kumi sasa. Walioandika "kundi dogo" hawajawahi kusimama mkiani mwa kundi kwenye kichochoro. Njia nyingi za Mji Mkongwe haziwatoshi watu watatu sambamba, vespa inapita na honi yake, na mtembezaji akianza kusema akiwa bado anatembea, wa nyuma anasikia mgongo tu. Anayejua kazi husimama pale njia inapotanuka, huegemeza mgongo ukutani, hungoja wa mwisho afike, ndipo hufungua mdomo. Sita wanasikia. Kumi, wanne wanaangalia simu.

Lugha mbili zenyewe zinawezekana, wasije wakasema nadai miujiza. Mkunazini pana kanisa, pana maonyesho ya historia, pana vyumba vya chini. Lugha moja ingeingia kwenye maonyesho kujisomea, nyingine ikae na mtembezaji kanisani, kisha wabadilishane. Ngome Kongwe vilevile, uwanja ni mpana. Kinachoshindikana ni kuwaweka wote mahali pamoja na kuwatazamisha nusu yao midomo ikicheza.

Nimwonee huruma kijana? Kidogo. Aliyemwongezea watu wanne kwa simu hakuwapo juani. Lakini kauli ya "watu wa hapahapa" haikutoka ofisini, ilitoka kinywani mwake, na aliitoa kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kuizoea.

Sasa mchana. Baada ya sala ya adhuhuri wale wanne walikuwa na boti ya kisiwa cha Changuu, kijana akaondoka nao, na sisi tukaletewa mzee mmoja, amechelewa karibu nusu saa, kofia kichwani, bila kipaza sauti wala karatasi. Nilikwisha kukata tamaa. Akatupeleka moja kwa moja kwenye ukuta uliomenyeka, akasema, "Wanangu, kabla sijakwambieni nani kaishi humu, tizameni nyumba imesimamaje."

Hapo ndipo ziara ilipoanza upya. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kiasi cha kukaliwa dirishani. Juu, boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, juu ya boriti mawe na chokaa iliyopigwa hadi ikawa sakafu. Boriti haivuki vizuri zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, hata vya tajiri. "Tajiri alinunua urefu," alisema, "upana aliamuliwa na mti." Miaka yote nimeviona vyumba hivyo, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini viko hivyo.

Kisha akaeleza zinavyokufa. Chokaa hupumua, unyevu unaopanda ukutani hutokea nje ukakauka. Mtu akiipaka saruji juu yake kwa kutaka uimara, unyevu hufungiwa ndani, chokaa ya kale hulegea, na saruji hubanduka vipande vizima, kama tulivyokuwa tunaiona mbele yetu. Hatari zaidi ni juu: bati likitoboka au mfereji ukiziba, maji huingia kichwani mwa ukuta na kuozesha ncha za boriti zilizomo ndani yake, mahali ambapo jicho halifiki. Boriti katikati ya chumba inaonekana nzima huku imeshikwa na kipande cha uozo. Masika yakija, dari inashuka. Akatuonyesha na alama ya kuangalia: ufa unaokwenda sambamba na mstari wa boriti ndio wa kukimbia, ufa mdogo wa lipu tu uacheni.

Milango aliieleza kwa majina yake, mfaa, miimo, kizingiti, komeo, wala hakulazimika kusimama afasiri. Ule wenye upinde juu na njumu za shaba wa mkondo wa Kihindi, ule wa mraba wenye nakshi ya mnyororo kwenye miimo wa mkondo wa Kiarabu. Akatukalisha barazani, akaanza habari za Siti, akapita kwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905, mpaka kwa Bi Kidude aliyefariki 2013, na mama yule wa nguzo akamkatiza kwa wimbo, wakaimba beti mbili. Hilo halifanyiki kwa muhtasari. Hapo, niseme kweli, nilikuwa tayari kutoa nyota tano na kusahau asubuhi.

Ofisi ndiyo iliyonikumbusha. Niliwaandikia kwamba tulilipia Kiswahili siku nzima tukapata nusu, wakajibu kwamba Kiswahili "kilipatikana katika vituo vyote" na kwamba wateja wa lugha hiyo "huwa hawaulizi maswali mengi". Aliyeuliza aliambiwa kayasoma skuli! Fidia yenyewe ni punguzo kwa safari ijayo, kana kwamba ipo.

Kwa atakayekwenda: kabla ya kutuma pesa, waulize kundi lako la Kiswahili lisipotimia idadi watafanya nini, na jibu walitoe kwa maandishi. "Tutawaunganisha" maana yake ndiyo haya. Omba kuzungumza na mtembezaji mwenyewe kwa simu, umwambie akueleze mlango mmoja tu, ndani ya dakika utajua kama anafasiri kichwani. Mkiwa wanne au zaidi, kodini mtembezaji peke yenu kwa siku. Mkigawana gharama, tofauti na bei ya kundi haitishi. Hakikisheni viingilio mnatozwa vya raia, maana sisi hesabu ya kwanza ilikuja ya wageni, na mtu mmoja ndiye aliyegundua. Wakati huo, tazama, tulikuwa wageni! Ijumaa anzeni mapema, karibu na saa sita mji unaelekea msikitini. Viatu vya kufunga, na nguo ya kusitiri.

Nyota: mzee tano, kijana moja kwa ajili ya Ngome Kongwe. Nikigawanya zinakuja tatu. Nilikwisha kuziandika tatu, kisha nikausoma tena ule ujumbe wa "huwa hawaulizi maswali". Ni mbili, na hizo mbili mpeni mzee.