Walinichongea diski vizuri halafu wakaiharibu wenyewe

Wiki nzima nina hasira, acha niseme. Gereji moja hapa Dar, jina naliacha, wana ile mashine ya kuchonga diski za breki ikiwa palepale kwenye gari, huhangaiki kuzipeleka kwa fundi lethi. MSIENDE. Ngoja lakini, msome mpaka mwisho.

Mimi nabeba vitenge kwenda Iringa na Noah yangu. Miezi kadhaa nyuma breki zilianza kutetemeka nikawapelekea. Fundi kijana akatoa tairi, kalipa, kile kinachobana pedi, akaining'iniza na waya, akafunga mashine kwenye habu, pale tairi linapofungwa, ikapima yenyewe ikachonga, diski zikatoka zinang'aa, mi nimekaa kwenye benchi na soda yangu nafurahi. Alipomaliza nikamwona anagonga diski ya kushoto na nyundo, akaichomoa, akapuliza vumbi nyuma, akairudisha. Nikasema huyu kijana msafi kweli. Kumbe!

Nikatembea vizuri tu muda mrefu, mpaka safari ya juzijuzi natoka Iringa nashuka mlima wa Kitonga, nagusa breki kwenye kona usukani unatetemeka kama nimeshika mashine ya kukoboa, pedeli inanisukuma mguu, lori nyuma linapiga honi. Nilisoma dua zote ninazozijua.

Nimerudi Dar naenda pale, kijana wa mapokezi hata hajainuka kwenye kiti, simu mkononi, ananiambia "mama, we utakuwa una mguu mzito." Mguu mzito! Mimi niliyeanza kuendesha yeye anavaa nepi. Nikamwambia niitie mkubwa wako, akacheka. AKACHEKA.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wao, alisikia kelele akaja kimya kimya, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, lete funguo. Akafunga geji kwenye diski ya kushoto akaizungusha kwa mkono, mshale ukawa unacheza mpaka 0.14. Akasema gari kama hii mwisho ni 0.05 ya milimita, hata unywele umezidi hapo. Akaniuliza, wakati ule waliitoa diski baada ya kuchonga? Nikakumbuka ile nyundo. Mzee akasonya. Kumbe mashine ile inachonga kufuata habu ya gari lako na kasoro zake zote, diski ikishachongwa haitakiwi kuchomoka, na ukiichomoa lazima uwe umeweka alama ya rangi irudi kwenye tundu lilelile. Yule kijana aliirudisha tundu lolote, na juu ya kutu. Mwanzoni huwezi kusikia kitu, diski inayumba kidogo kidogo, pedi zinalamba upande mmoja kila mzunguko mpaka unene unapishana, hapo ndo mguu unaanza kusukumwa. Mguu wangu mzito uko wapi hapo?

Mzee akasugua habu na brashi ya waya mpaka ikaonekana chuma, akachonga upya, geji ikasoma 0.02, na nati za tairi akakaza kwa mkono na spana yake ya kupimia, ile bunduki ya upepo hakuigusa. Nimepita na gari Morogoro Road, breki laini kama siagi. Kwa hiyo niseme ukweli wa Mungu, mashine ni nzuri sana, na mzee yule akiwepo nendeni tu, nampa nyota tano.

Ila sasa, wakati anafunga tairi akanionesha namba iliyogongwa pembeni ya diski, unene wa mwisho unaoruhusiwa, akasema hapa hakuna kuchonga tena, ikisumbua ni kununua mpya. Yaani kosa lao limekula diski yangu! Nyota mbili, na hizo za mzee. Nafika kaunta nategemea angalau pole, dada wa watu ananiuliza, mama unalipa keshi au kwa simu?