Eti masikio yangu ndiyo mabovu

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililonitia hasira za kuandika. "Mama, spika ziko sawa. Labda masikio." Kijana wa dukani aliniambia hivyo kwa simu, na nyuma yake nikamsikia mwenziwe akicheka. Mimi ni mtu wa hamsini na kitu, nimelelewa katika harusi za Mji wa Kale wa Mombasa, nilijua kutambua fidla iliyolegea nyuzi kabla sijajua kusoma. Masikio!

Kisa chenyewe ni hom thieta. Wanangu walininunulia seti, spika tano na sabufa lake la besi, na kwa hiyo seti sina neno. Ila waya zilizokuja nayo zilikuwa fupi, zile za spika za nyuma hazikufika hata kwenye kochi. Nikateremka Mwembe Tayari, duka moja ambalo jina lake nitalisitiri, nikataka waya mita 30, wa spika zote. Nikauliza, huu ni shaba? "Shaba tupu, mama." Na bei ilikuwa ya shaba tupu kweli. Fundi nao wakanipa, malipo yake mbali.

Fundi alikuja baada ya adhuhuri, joto la kaskazi limekaza, nikamwonea huruma nikampa maji ya ndimu. Ile ndimu nataka anirudishie. Kuta za nyumba yetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ukitoboa unamwagikiwa na unga tu, basi waya akazipitisha chini, kando ya ukuta, zimenyooka. Hapo alifanya kazi safi, simnyimi haki yake. Balaa ilikuwa kwenye ncha. Alizichuna kwa meno. Kwa meno! Zile nyuzi zikasimama timtim, akazisokota mara moja, akazisukumiza tunduni, na alipoaga nilikuwa bado natafuta chenji ya nauli yake ya tuktuk.

Usiku nikaweka taarabu za Juma Bhalo, rekodi za zamani. Sauti ipo lakini haina kwao. Spika mbili za mbele zikiwa sawa, mwimbaji humsikia yuko katikati yake, utadhani amekuja kukaa pale mbele ya televisheni. Usiku ule Bhalo alikuwa kama anaimbia kwa jirani, mlango umefungwa. Besi hakuna. Nikiongeza sauti kidogo, mashine inazimika yenyewe na kuwasha taa nyekundu. Ndipo nikapiga simu, na jibu langu mshalisoma hapo juu.

Nilikaa siku kadhaa na hasira zangu. Mwishowe mtoto wa dada yangu akaja kula, nikamwonyesha. Akaniomba betri ya rimoti. Akachomoa waya nyuma ya risiva, ile mashine inayolisha spika, akagusisha ncha mbili kwenye ile betri ya volti 1.5, upande wa chanya kwa waya aliouona umeingia tundu jekundu, akaniambia, "Khaloo, tazama ile karatasi nyeusi ya spika." Ya kushoto ikaruka nje, tap. Ya kulia ikaingia ndani. Tukarudia, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Waya wa spika huwa na alama upande mmoja, mstari au mbonyeo, ili usichanganye chanya na hasi. Fundi wangu aliufuata mstari kwenye spika, akausahau kwenye risiva. Basi spika moja inasukuma hewa na mwenzake anaivuta, na kinachokufa kwanza ni besi.

Na ile kuzimika? Unyuzi mmoja, mwembamba kuliko nywele yangu, ulitoka tundu jekundu la spika ya nyuma ukalala kwenye lile jeusi. Shoti. Mashine ilikuwa inajiokoa. Ina akili kuliko aliyeifunga.

Tulipokuwa tunakata ncha ili azifunge upya, kisu kikakwangua waya. Ndani mweupe! Alumini iliyopakwa shaba juu. Nikaupima mkononi, mwepesi kama uzi wa kushonea. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na ukiikunjakunja hukatika upesi kuliko shaba. Tena sisi tunaishi na hewa ya chumvi, hata shaba yenyewe ukiiacha wazi inaota kutu ya kijani.

Sasa niseme haki. Kwa sebule ya kiasi changu, waya ule ule ulipofungwa sawasawa Bhalo alirudi katikati, na kama si kisu nisingejua. Kosa la sauti lilikuwa la meno na mstari. Kosa la alumini ni la mfuko wangu, na la ule mdomo uliosema tupu.

Nikarudi dukani na kipande mkobani. Tajiri mwenyewe alikuwepo, mtu wa heshima, akakikwangua kwa ufunguo, akanyamaza, akanirudishia pesa zote, na za fundi pia. Hata chai aliagiza. Wallahi nilitoka moyo mweupe, nikasema nikifika nyumbani nitawaandikia sifa, niwaambie watu nendeni, ila mwende na kisu.

Lakini kabla sijatoka alimwita yule kijana aniombe radhi. Akaja anatabasamu. "Pole mama, nilikuwa natania tu."

Anatania! Mimi na yeye tuna utani gani? Si mjukuu wangu, si shemeji yangu. Zile sifa nimezifuta.